Nani Kamshika Mwenzake

Baba Kabula, mwanao kafuta kikapu cha Masanja! Fainali ya mpira wa kikapu, sekunde za mwisho, watu wamejaa mpaka wamepanda ukuta, na Kabula wetu kapuliza filimbi, kanyoosha ngumi kuelekea upande wa pili, kapangua mikono mbele ya kifua: kikapu hakuna, rafu ni ya mshambuliaji. Na mshambuliaji mwenyewe ni Masanja, mtoto wa kaka yako, aliyekula ugali sahani moja na huyo huyo Kabula.

Haya. Sasa salamu. Unisamehe zimekuja nyuma, sikuweza kuanza na hujambo wakati nina neno hili kifuani. Mimi natembea na ninakula. Hali yako siulizi, maana tulikufunika kwa mikono yetu. Kalamu unaijua, ni ya darasa la nne, lakini darasa la nne lile la zamani, na mwalimu mwenyewe alikiri mwandiko wangu unasomeka kuliko wake.

Nikueleze kwa mpangilio, nikijiachia nitaanzia katikati.

Tangu uondoke, mwanao kashika filimbi yako. Lile shati lako la kijivu la urefa nimelipunguza mimi, kwa sindano ya mkono, siku tatu nimekaa mlangoni nashona. Fundi cherehani wa hapa Buhongwa kaligeuza ndani nje, kaniuliza nimetumia mashine gani. Nikamwambia mashine ni hizi hapa, nikamwonyesha vidole. Raba kazipata kwenye mitumba, nyeupe, mguu mmoja umefubaa kuliko mwenzake, lakini akikimbia huoni. Mechi ya kwanza vijana wa pembeni walimpigia kelele, "Dada, nenda kapike!" Leo hao hao wanamwita Mwalimu. Mimi si mtu wa kujisifu, unanijua. Ila pale kibandani kwangu hakuna aliyekunywa chai akaondoka bila kuambiwa refa wa vijana mjini Mwanza ni mtoto wa nani.

Basi fainali ikawa vijana wetu wa Buhongwa na vijana wa Mirongo, uwanja wa Mirongo, ule wa saruji. Atakayeshinda anakwenda Dar es Salaam kucheza na mikoa mingine. Asubuhi ya siku yenyewe refa aliyepangwa akaanguka malaria. Wakamfuata Kabula. Akawaambia waziwazi, "Namba saba wa Buhongwa ni ndugu yangu, tafuteni mtu mwingine." Unajua nani alikataa? Kocha wa Mirongo! Kasema, "Huyu si mtoto wa yule marehemu mrefu? Mwacheni apulize." Baba Kabula, mpinzani ndiye aliyekutaja. Nililia palepale, watu wakadhani moshi.

Shemeji naye, kaka yako, alikuwa na furaha siku ile hujapata kuiona. Kavaa koti. Kanipiga begani mbele za watu, "Shemeji, leo filimbi iko nyumbani!" Na mimi na mdomo wangu huu nikamjibu kwa sauti ya kufika Nyegezi, "Iko nyumbani, na imelala kitandani kwetu!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao. Neno hilo sasa wananirudishia kila siku, hawalicheki tena.

Mirongo walikuwa mbele kwa pointi moja. Mpira ukamfikia Masanja chini ya ringi, mgongo kaipa ringi, mlinzi wa Mirongo yuko nyuma yake, kijana mwembamba kama fito. Masanja kageuka, na hapo kila mtu akaona mkono wa yule mlinzi umelala ubavuni mwa Masanja, unamvuta. Masanja anaanguka, huku anaanguka anarusha, mpira umeingia. "Kamshika! Kamshika!" Uwanja mzima. Filimbi ikalia, tukaruka, tukajua kikapu ni halali na rafu juu, tunaongezewa na mpira mmoja wa kurusha bila kuzuiwa.

Kabula kanyoosha ile ngumi.

Kimya kile, Baba Kabula, nilikisikia mara moja tu kabla ya hapo: siku waliposoma majina ya waliopunguzwa kiwandani, na lako likawemo.

Sasa nakwambia wewe kitu ambacho sijamwambia mtu. Niliona. Mimi sikuwa naangalia mpira. Nimeishi na wewe miaka yote ile, nitaangaliaje mpira?

Unakumbuka kule kota za kiwandani, Jumapili tukitoka kanisani, ulivyotundika ile ndoo iliyotoboka kitako ukutani, ukakusanya watoto? Ulikuwa unawaambia, "Rafu ya kugongana hata bibi aliye jikoni anaisikia. Nyie nitafutieni ya mshambuliaji mwizi." Ukawaonyesha anayemkingia mwenzake njia huku anatembea. Ukawaonyesha anayeruka kurusha halafu anapeleka mguu mbele ili agongwe yeye. Na ile uliyoipenda kuliko zote, ya kwapani. "Mama Kabula, njoo unilinde." Mimi nina unga mikononi. Nikasimama nyuma yako, ukanidaka mkono, ukaubana kwapani, ukafunga kiwiko, ukaanza kupepesuka na kupiga kelele kama unachinjwa, "Jamani, mke wangu ananishika! Jamani, haniachi!" Majirani walitoka nje.

Ukamwuliza Kabula, ana miaka minane, "Nani kamshika mwenzake?"

"Mama kamshika baba."

"Angalia tena. Mkono wa mama yako usiuangalie, hauna pa kwenda. Angalia kiwiko. Kiwiko cha nani kimefunga?"

Mtoto akainama, akachungulia kama anatafuta yai la kuku. "Cha baba!" Na wewe ukazidi kunibana mpaka unga ukabaki kwenye shati lako la kanisani, nikakusema mpaka jioni. Ningejua, nisingekusema.

Masanja alikuwepo siku hiyo, alikuja kwetu likizo. "Baba mdogo, na mimi nijaribu." Akanibana mimi, akambana Kabula, akabana hata nguzo ya kamba ya nguo. Wewe ulikuwa unamfundisha Kabula kuiona. Masanja akajifunza kuifanya. Sote wawili tulikuwa tunacheka, hilo hatukulifikiria.

Kwa hiyo siku ya fainali macho yangu yalikuwa kwenye kiwiko cha Masanja. Kilifunga. Kilifunga vizuri mno, ungekuwepo ungejivunia kwanza kabla ya kukasirika. Yule mtoto wa Mirongo alikuwa anajaribu kuutoa mkono wake, anauvuta, na kadiri anavyovuta ndivyo anavyoonekana ndiye anayevuta. Nyuso zote ziko juu kwenye ringi. Mwanao peke yake aliangalia chini. Mwanao na mimi.

Kesho yake asubuhi Kabula aliniuliza. Shemeji yuko uani, hatua kama kumi, amekaa na mswaki mdomoni, hapigi tena mswaki, anasikiliza. Kabula kasema, "Mama, ulikaa upande wangu. Uliona nini?"

Nikamwambia, "Jua lilikuwa usoni mwanangu, sikuona vizuri."

Baba Kabula, jua lilikuwa mgongoni kwangu. Na yeye anajua, maana tulikuwa upande mmoja, na yeye lilimpiga mgongoni. Hakubishana. Kasema, "Sawa, mama." Kakunja lile shati nililolishona, kaliweka kwenye mfuko, kaenda Mirongo kwa yule mwenzake wanayefundisha naye chekechea. Hajalala hapa tena. Salamu anatuma, tena nzuri, hana kisirani. Afadhali angenitukana.

Sasa nikueleze kwa nini nilisema vile. Hapa ndipo pagumu.

Ulipopunguzwa tukatoka kota, kaka yako akasema njooni mjenge kwangu. Tofali ulifyatua wewe, ulipanga wewe, ukiwa tayari kifua kinakubana. Vyumba viwili, ukuta mmoja na jiko la Shemeji. Karatasi za kiwanja zina jina lake, tukasema si neno, ni ndugu. Tulipokuzika nikataka kurudi kwetu Sengerema. Shemeji akasimama mbele ya waombolezaji wote, "Mjane wa mdogo wangu haendi popote mimi nikiwa hai!" Watu wakamsifu. Nikapiga magoti nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana. Na nilimaanisha.

Tangu hapo kibanda changu kiko mbele ya nyumba yake. Nikisema niende kwetu wiki mbili tu nimwone dada yangu, "Shemeji, watu watasema nimekufukuza." Nikisema nihamishie chai yangu stendi, "Watu watasema huli kwangu." Halafu akiwa na wenzake pale uani, na ukuta unaujua ulivyo, namsikia, "Nitafanyaje jamani, huyu mama kaning'ang'ania." Na wenzake wanamhurumia.

Hapo nimeweka kalamu chini kidogo. Nimekaa naangalia mkono wangu.

Ndiyo ile ile ya kwapani, Baba Kabula. Mkono wangu uko kwapani mwake, na kila anayepita anaona mimi ndiye niliyeshika. Hakuna anayeangalia kiwiko.

Sasa sikiliza alivyofunga. Wiki mbili zilizopita kaja kibandani asubuhi, kakaa, kaagiza chai na chapati. Kasema saruji ya kujengea kaburi lako ameshanunua, fundi ameshapata, mama yako huko Kisesa amekubali siku. Nikafurahi, nikamwongezea chapati. Kisha kasema siku hiyo hiyo, mbele ya kaburi, Kabula atapiga magoti kwa wazee aseme alikosea, na ataweka sahihi kwenye barua ya kamati. Kamati imesema refa mwenyewe akikiri kwa maandishi, mechi itarudiwa. "Masanja kakosa safari ya Dar kwa ajili ya mtoto wa nyumbani kwake. Lirekebisheni." Halafu kwa upole kabisa, anapuliza chai yangu, "La sivyo, Shemeji, vile vyumba viwili, Masanja naye anakua."

Ningenyamaza tu. Mke wake yupo, Masanja yupo, wateja wawili wapo. Lakini mimi siwezi kusikia mtu anasema mwanangu ana neno la kurekebishwa, nikaona aibu, nikataka nionekane mama. Nikasema, "Kabula hajawahi kuvunja neno langu tangu nimzae. Ataomba radhi." Kwa majivuno kabisa, mkono kiunoni. Shemeji kasema, "Mmesikia," akawaangalia wote mmoja mmoja.

Nimetoa neno la mtoto ambaye hakuwepo. Na hadi leo Kabula hajui. Yeye anajua anakuja kujengea kaburi la baba yake. Ametuma ujumbe kwamba ataleta rangi nyeupe ya kupaka msalaba, na kwamba brashi nisitafute, anayo.

Akitia sahihi ile barua, hakuna atakayempa filimbi tena, wewe unajua kuliko mimi. Refa aliyekiri kwa sababu ya nyumbani kwao amekwisha. Akikataa, mimi niko nje na masufuria yangu. Nikinyamaza, atapiga magoti peke yake, juu yako. Nimeigeuza hii habari kila upande, nikikaanga chapati naigeuza nayo. Hakuna upande usioungua.

Akina mama wa chama chetu cha kuzikana hawanipi mgongo kabisa, hapana. Wananisalimu. Ila wanasalimu huku wanatembea. Mama mmoja, yule anayeuza michembe ya viazi, kaniambia, "Mama refa, leo jua liko wapi?" Kumbe hata ule uongo wangu umetoka nje. Wateja wa asubuhi siku hizi naweza kuwaita kwa majina na nisichoke.

Jumanne Masanja alikuja kuomba makaa ya moto. "Mama mdogo, shikamoo." Marahaba. Nikampa koleo, hakushika. Kasimama mlangoni, amejishika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyeumia. Sasa ni mrefu kama wewe, Baba Kabula, anainama mlangoni kama ulivyokuwa unainama, na hilo likanivunja hata nikasahau kumkasirikia.

"Mama mdogo, Kabula anakuja kweli?"

"Anakuja."

"Atasema alikosea?"

Nikamwambia, "Wewe ungekuwa yeye ungesema nini?"

Mama yake akamwita, akaondoka, makaa kayaacha. Moto wao siku hiyo sijui waliupata wapi.

Anajua. Na hawezi kusema, maana baba yake kaisimulia Buhongwa yote jinsi mtoto wake alivyodhulumiwa. Naye yuko kwapani. Tumebanwa wengi kwenye kwapa moja.

Sasa sikia nilichoamua, halafu usinicheke. Siku hiyo nitatangulia. Nitakaa pale Kisesa barabarani, magari ya kutoka mjini yanaposimama, kabla Kabula hajashuka. Akishuka tu, kabla sijampokea hata rangi, nitamwambia, "Mwanangu, niliona. Jua lilikuwa mgongoni. Na nimetoa neno lako bila kukuuliza, leo nalirudisha." Akinisamehe, sawa. Asiponisamehe, tutatembea hivyo hivyo mpaka nyumbani, ni mwendo mfupi.

Halafu kaburini, wakishaomba, kabla fundi hajamwaga saruji, nitamwita Masanja. Sitamwita kwa ukali. Nitamwita kama ulivyokuwa unawaita pale kwenye ndoo. "Mwanangu, njoo, nikulinde. Nibane kama alivyokufundisha baba yako mdogo." Na nitawauliza wazee, na mama yako, na Shemeji na koti lake, swali lile lile ulilomwuliza mtoto wa miaka minane. Akinibana, wataona kiwiko. Akikataa kunibana, wataona pia. Na mimi nitasema kwa mdomo huu huu uliotuponza kwamba niliona kwa macho yangu, na barua ya kamati haina wa kuitia sahihi.

Usidhani nimekuwa jasiri. Sasa hivi Shemeji kakohoa upande wa pili wa ukuta, nimefunika karatasi kwa sinia la unga, utaona madoa. Sanduku la bati nimeshapanga, nguo zangu, picha yako ile ya harusi, sufuria mbili. Nimelisukuma chini ya kitanda lisionekane. Tofali zako siwezi kuzibeba. Nimezigusa leo moja moja pale karibu na dirisha, zile ulizoandika herufi ya jina la Kabula kwa kidole zikiwa bado mbichi. Sijui jioni ya siku hiyo nitarudi wapi. Barabara ya kwenda Sengerema ipo, kivuko kipo, dada yangu yupo. Zaidi ya hapo sioni.

Hii barua nitaikunja mara nne, niilaze juu yako, saruji imwagwe juu yake, asiisome asiye wewe. Ulikuwa refa mzuri, mume wangu. Mwanao amekupita, na hilo silisemi kwa kujisifu, nalisema kwa sababu niliona. Pumzika. Kunyamaza nimemaliza, hiyo ndiyo ahadi yangu, na nikitetemeka usijali, nitatetemeka huku nasema.

Mama yako atakuwepo, wazee wote, kwaya, Shemeji na watu wake, akina mama wa chama, Masanja, hata yule kocha wa Mirongo kasema atafika kukuheshimu. Na Kabula na rangi yake nyeupe. Ni Jumamosi ile inayofuata Pasaka, saa nne asubuhi, Kisesa. Tunakuja wote.

Mkeo,
Mama Kabula